Supu ya Makaroni kwa Mzee Isakwisa

"Usikoroge sana," Verediana alisema. "Yatavunjika yote, tuje kunywa uji."

Lutengano aliutoa mwiko kwenye sufuria upesi, kama mtoto aliyeshikwa akidokoa nyama, na wote wawili wakacheka.

Ilikuwa Jumatatu jioni, mwezi wa sita, wakati baridi ya Mbeya inaposhuka kutoka mlima Loleza na kumwingia mtu mpaka kwenye mifupa. Verediana alikuwa amerudi kutoka kazini muda si mrefu. Mchana kutwa alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni kule mjini, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Mtu aliyechoka namna hiyo hana nguvu tena ya kusonga ugali huku anachemsha mboga na kuangalia maharage yasiungue. Ndiyo sababu siku za kazi alipika supu yake ya sufuria moja.

Supu hiyo alijifunza kwa masista wa Kiitaliano huko Iringa, alipokuwa msichana wa jikoni kwao. Kazi kubwa ilifanywa Jumapili. Baada ya misa alikanda unga wa ngano kwa mayai, akausukuma kwa chupa tupu mpaka ukawa mwembamba kama kitambaa, akaukata kwa kisu vipande vyembamba, akavianika kwenye ungo. Makaroni yale yakikauka aliyatia kwenye mfuko, yakakaa wiki nzima. Siku ya kazi hakuwa na shida tena. Alikaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, akatia karoti na nyanya, akamimina maharage yaliyochemshwa jana yake pamoja na mchuzi wake, akaongeza maji. Yakitokota, makaroni yaliingia humo humo. Hakuna kumwaga maji, hakuna sufuria ya pili. Kabla kuni hazijageuka majivu, watu walikuwa wanakula.

Na kuni zenyewe zililetwa na Lutengano. Alikuwa seremala pale Mwanjelwa, naye alipanga chumba ng'ambo ya uwanja ule ule ambamo Verediana aliishi na kaka yake, Silvester. Kila jioni alileta vipande vya mbao vilivyobaki kazini. Verediana aliona jambo moja tangu siku za mwanzo, wala hakulisema: kwenye mbao zile hapakuwa na msumari hata mmoja. Lutengano aliing'oa yote kabla ya kuja, isije ikamchoma mtu mkono gizani. Mwanamume anayeweza kukuwazia kidole chako namna hiyo, utamwacha vipi?

"Wazee wangu wanafika kesho kutoka Rungwe," Lutengano alisema, macho yake kwenye moto. "Tata, mzee mwenyewe, anaumwa jino. Hospitali watamng'oa."

Verediana akaacha kufuta mabakuli. "Utamwambia tena?"

"Nitamwambia."

"Mara ya kwanza alisemaje hasa? Nieleze kweli."

"Alisema Wahehe ni wakali."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamjibu ni kweli."

Alimpiga kwa kitambaa cha jikoni, naye akainamisha kichwa akicheka. Lakini kicheko chao kiliisha mapema.

"Na mambo ya kanisa?" Verediana akauliza.

"Alisema mke Mkatoliki atawafundisha wajukuu wake kupiga ishara ya msalaba kabla hawajajua kusema *ndaga*, asante ya kwetu." Lutengano akasugua viganja vyake. "Si mtu mbaya, Vere. Anaogopa tu. Anaona nikioa mbali nitapotelea mbali."

"Jumamosi tunaondoka," Verediana alisema polepole.

Lutengano alijua. Silvester alifanya kazi ya barabara, na amri ilikuwa imekuja kwamba ahamie Iringa. Dada mtu hawezi kubaki Mbeya peke yake chini ya paa la mtu asiye ndugu. Baba yao, Mzee Ambrosi, aliyekuwa akilima Igowole, alikwisha kusema neno lake: kama watu wa Rungwe wanamtaka binti yake, waseme kabla hajaondoka Mbeya, la sivyo asisikie tena jina la kijana huyo. Kuna mwalimu wa dini jirani yake ambaye alikuwa ameuliza habari za Verediana zaidi ya mara moja.

Walitazamana juu ya mvuke wa sufuria. Kisha Lutengano akanyoosha mkono, akaondoa ganda dogo la kitunguu lililokuwa limenasa kwenye nywele za Verediana, na mkono ule ukachelewa kidogo kurudi.

*

Wazee walifika. Verediana alimwona mama, jina lake Tupokigwe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, walipopishana uani. Alipiga magoti akamsalimu, na mama akamwinua kwa kiwiko akisema, "Inuka, mwanangu, chini kuna baridi." Na Mzee Isakwisa hawakuonana. Aliingizwa chumbani moja kwa moja, taya limevimba, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini.

Jumatano Verediana aliwahi kurudi kutoka kazini. Uwanja ulikuwa kimya. Lutengano alikuwa kazini bado, na Mama Tupokigwe alikuwa ametoka kwenda sokoni kutafuta ndizi. Kutoka chumba cha Lutengano kule ng'ambo akasikia mtu anaguna. Akatega sikio. Mguno ukarudi, mrefu, wa mtu anayeona haya kulia.

Akauliza nyumba ya jirani, akaambiwa mzee hajala kitu tangu jana. Walimng'oa meno mawili badala ya moja. Uji ameukataa, amesema yeye si mtoto wa kunyonya. Ndizi hawezi kuzitafuna.

Verediana hakufikiri mara mbili. Aliwasha moto, akabandika sufuria. Makaroni ya siku hiyo aliyakata mafupi sana, na akayaacha yaive mpaka yakalegea kabisa, ili ulimi peke yake uweze kuyavunja. Maharage aliyaponda kwa mwiko. Akapakua kwenye bakuli la bati, akalifunika, akavuka uwanja.

"Hodi," akasema mlangoni.

Hakujibiwa. Akaingia.

Mzee Isakwisa alikuwa ameketi kitandani na blanketi mabegani. Alimwona binti mlangoni, na hapo hapo akafumba macho.

Maskini, jino linamwuma, Verediana akawaza. Akapiga magoti mbele yake, kama alivyolelewa.

"*Kamwene*, baba. Pole sana. Nimekuletea chakula laini."

Mzee akageuza uso ukutani.

Maumivu yamezidi, Verediana akawaza. Akainuka, akazunguka upande wa ukutani, akapiga magoti tena. Mzee akavuta blanketi kichwani. Sasa anasikia baridi, Verediana akawaza. Akaweka bakuli chini, akalivuta blanketi vizuri, akalichomeka chini ya mapaja yake kila upande, akaacha uso tu uonekane. Macho bado yalikuwa yamefumbwa. Mdomo, kwa sababu ya uvimbe, haukuweza kusema lolote la kueleweka. Ulitoa sauti tu.

"Fungua kidogo, baba. Hivyo hivyo. Si moto."

Akapeleka kijiko kinywani mwake.

Mzee Isakwisa alikula. Mikono yake ilikuwa imebanwa ndani ya blanketi, taya limevimba, macho yamefumbwa, na alikula mpaka bakuli likaisha. Verediana alimpangusa kidevu kwa upindo wa khanga, akamwambia alale, akatoka moyo mweupe. Alijisikia amefanya jambo jema kuliko yote ya wiki hiyo.

*

Jua lilikuwa linazama Lutengano alipokuja jikoni. Hakuwa na kuni. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Vere, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Umemlisha tata. Kwa mkono wako."

"Ndiyo. Alikuwa na njaa." Akamtazama vizuri. "Imemdhuru? Ametapika?"

"Angetapika ingekuwa afadhali." Akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akashika kichwa. "Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Tangu msichana anapochumbiwa. Akimwona baba mkwe njiani, anaacha njia, anajifunika, anainama. Baba mkwe naye anageuka. Wachungaji walisema tuache, na mengine tumeacha, lakini hili watu wazima hawajaliacha. Ndiyo heshima yenyewe."

Verediana alihisi damu yote ikimpanda usoni. Akakumbuka jinsi alivyozunguka upande wa ukutani. Akakumbuka blanketi.

"Nilimchomeka," akasema kwa sauti ndogo.

"Amenieleza."

"Nikampangusa kidevu."

"Hilo pia."

"Kwetu mtu mzima akiumwa, msichana anapiga magoti, anamlisha. Ningemwacha na njaa, watu wangesema sikulelewa." Hasira ikaja kumsaidia. "Kwa nini hukuniambia? Umekaa hapa jikoni jioni zote hizi, umenieleza habari za mninga na mvule, habari za randa, habari za yule Mhindi aliyekataa kabati lake. Hili hukuona la kuniambia?"

"Mama alinituma nikwambie. Jana."

"Na wewe?"

"Nilikuja na mbao. Nikakukuta unaimba, unapepeta maharage." Akainamisha kichwa. "Nikasahau kilichonileta."

Siku nyingine maneno hayo yangemyeyusha. Siku hiyo Verediana aligeuka, akawapa mgongo yeye na maneno yake.

"Amesema nini? Sema tu."

"Amesema mwanamke aliyemlisha ni mama yake, au ni nesi. Mkwe siyo. Amesema hakuna mazungumzo tena."

Moto ulilia kidogo kwenye kuni mbichi za jirani alizoazima. Silvester akaita kutoka ndani akiuliza kama kuna kula.

"Nenda, Lutengano," Verediana alisema. "Mama yako asije akakukuta hapa, nikawa nimekosa mara mbili."

*

Alhamisi jioni alipika kwa sababu kaka yake lazima ale. Alikuwa anamenya karoti, machozi yakishuka bila sauti, kivuli kirefu kilipoingia mlangoni.

"Karibu, mama," akasema, akijifuta kwa mkono wa gauni.

Mama Tupokigwe alikuwa na lile bakuli la bati mkononi, limeoshwa, limefunikwa kwa jani la mgomba. Ndani yake kulikuwa na maparachichi mawili makubwa.

"Bakuli halirudi tupu," akasema, akaketi karibu na moto bila kungoja kiti. "Unapika ile?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekuja kujifunza."

Verediana akaweka karoti chini.

"Mzee hali kingine," mama akaendelea. "Asubuhi nimempa uji, ameutazama kama umemtukana. Mchana nimemponda ndizi, amesema zina nyuzi. Nikamwuliza, sasa unataka nini? Akasema, hataki kitu. Nikamwuliza, kile cha jana kilikuwaje? Akanyamaza, kisha akasema, 'Kilikuwa laini.' Nimeishi naye miaka mingi, mwanangu. Huyo ni mtu anayelilia sahani."

Verediana alicheka bila kutaka, na kicheko kikatoka kimechanganyika na kwikwi. Mama Tupokigwe alijifanya hakuona. Alichukua kisu, akavuta karoti moja, akaanza kumenya.

"Haya, nifundishe. Sufuria nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine, mama. Ni hii tu."

"Hii tu? Na hayo yanaiva wapi?"

"Humo humo. Yakiiva, unga wake unaufanya mchuzi kuwa mzito. Ukiyachemsha pembeni na kumwaga maji, umemwaga utamu."

"Mwe!" mama akashangaa. "Na mimi ninaosha vyungu vitatu kila jioni."

Walipika pamoja. Kitunguu kililia kwenye mafuta, nyanya zikalainika. Verediana alimwonyesha namna ya kuyamwaga makaroni kidogo kidogo huku unakoroga mara ya kwanza yasishikane, halafu unayaacha. Mama alirudia kila hatua kwa sauti ya chini, kama mtu anayejifunza wimbo wa kanisa. Na walipokuwa wakingoja, alivua khanga yake ya juu, akamfundisha: hivi ndivyo unavyojifunika, hivi ndivyo unavyoinama, na miguu unaitoa njiani kabisa, si nusunusu.

"Ya nini kunifundisha sasa, mama?" Verediana akauliza. "Alikwisha kusema."

"Nakufundisha kwa sababu napenda. Mikono yangu ina kazi gani nyingine?"

Verediana alitazama makaroni yakipanda na kushuka kwenye povu. Kulikuwa na jambo lililomkera moyoni tangu jana, kama kijiwe kwenye kiatu.

"Mama, naomba kuuliza. Mzee aliposikia habari zangu mara ya kwanza, alisemaje? Kwamba mimi ni nani kwake?"

"Alisema wewe si kitu kwake. Msichana wa watu, apite zake. Ndivyo alivyosema, na ndivyo anavyosema."

"Sasa, kwa nini alifumba macho?"

Mikono ya mama ilisimama juu ya khanga. "Alifumba lini?"

"Nilipoingia. Sikuwa nimepiga magoti, sikuwa nimetoa neno. Aliniona mlangoni, akafumba. Nikazunguka, akageuka. Mimi nilidhani ni jino."

Mama Tupokigwe alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akajiziba mdomo kwa khanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ee Mungu wangu! Mwanangu, wewe hujui ulichosema. Sauti yako aliijua tangu hodi, juzi alikusikia ukiimba. Akiingia mke wa jirani, Isakwisa hafumbi macho. Humtazama mpaka vidole vya miguu, aulize na habari za ng'ombe wao. Mtu hawezi kumkwepa mkwe asiyekuwa naye!" Akajipangusa. "Miezi yote hii ananiambia wewe si kitu. Kumbe macho yake yalikwisha kukukubali, mdomo ndio unaojikokota. Ngoja. Ngoja nimpelekee."

Akanyanyuka. Verediana akamshika upindo.

"Mama, tafadhali. Usimwambie kwa kumshinda. Ni mgonjwa, na nilikwisha kumwaibisha siku moja, inatosha. Acha ale kwanza. Akishashiba, mwulize polepole tu, kama unayeuliza kitu kidogo."

Mama Tupokigwe alimtazama. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, na mahali pake palikuwa na kitu kingine. Akamshika shavu kwa kiganja kilichonukia kitunguu.

"Pakua," akasema.

Verediana alibaki jikoni. Uwanja ulikuwa umetulia, na kutoka ng'ambo alisikia kijiko kikigonga bati, kwa muda mrefu, mpaka kikaanza kukwaruza chini. Akasikia sauti ya mama, ya chini, ya kitu kidogo. Alingoja jibu la mzee. Halikuja.

Mama aliporudisha bakuli alitikisa kichwa tu.

"Amekasirika?" Verediana akanong'ona.

"Isakwisa akikasirika husema. Amenyamaza. Hilo nami sijui ni nini."

Na Ijumaa kutwa nzima alinyamaza vilevile.

*

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya stendi, na watu walionekana miguu tu kwanza, kisha vichwa. Basi la Iringa lilikuwa linapakiwa. Silvester alisimamia sanduku lisije likawekwa chini ya magunia ya viazi. Lutengano ndiye aliyelibeba kutoka nyumbani, naye sasa alisimama karibu na Verediana, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Nimekutengenezea kitu," akasema. Akatoa ndani ya koti mti wa kusukumia unga, wa mninga, mviringo, laini kama jiwe la mtoni. "Ile chupa itapasuka siku moja ikukate."

Verediana aliupokea. Akaupitishia kidole kutoka ncha hadi ncha. Hata chembe ya kumchoma hakuipata.

"Umeusugua lini?"

"Usiku wa juzi. Na wa jana. Nilikuwa sipati usingizi."

"Nisamehe yale ya Jumatano."

"Nisamehe mimi. Ningekwambia." Akatazama basi. "Vere, nikija Igowole peke yangu, bila wazee, baba yako..."

"Atakufukuza. Nami nitamtii, Lutengano. Unajua nitamtii."

"Najua."

Hawakuweza kushikana mikono mbele za watu. Walishika mti ule, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakasimama hivyo.

Hapo ndipo Silvester alipokohoa. "Wazee wako hao wanakuja," akamwambia Lutengano. "Basi lao la Tukuyu liko kule mbele."

Mzee Isakwisa alikuwa anashuka barabarani na fimbo, blanketi mabegani, uvimbe umepungua. Mama Tupokigwe alimfuata na kikapu. Mzee alikuwa anatazama chini akikwepa madimbwi. Akainua kichwa. Akamwona Verediana.

Akasimama.

Kisha akaiacha barabara. Aliuvuka mtaro kwa shida, mguu mmoja kisha mwingine, akaingia kwenye nyasi zenye umande chini ya mikaratusi, akawageuzia mgongo, akavuta blanketi mpaka likamfunika kichwa.

Silvester akang'aka. "Umeona? Umeona dharau hiyo? Hata barabara moja hataki kupita nawe! Twende, dada, panda basi!"

"Kaka, nyamaza," Verediana alisema. "Nyamaza, nakuomba."

Alivuta khanga kichwani kama alivyofundishwa, akatoka barabarani upande wa pili, miguu yote miwili, si nusunusu, akageuka, akainama.

Basi wakasimama hivyo, mzee upande huu na binti upande ule, migongo imetazamana, kila mmoja anamngoja mwenzake apite. Hakuna aliyepita. Utingo wa basi aliwatazama, akamwuliza Silvester, "Hawa wamepewa adhabu?"

Lutengano alikuwa katikati ya barabara, mdomo wazi, anamtazama baba, anamtazama Verediana, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango aliokuwa anauegemea.

"Tupokigwe," mzee akaita kutoka ndani ya blanketi. Maneno bado yalikuwa mazito kwa ajili ya taya.

"Ee, baba Lutengano."

"Kuna mtu hapo nyuma?"

"Yupo."

"Mwulize, yale makaroni, mtu akiwa Rungwe atayapata wapi?"

Mama akageuka. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama," Verediana akaziambia nyasi. "Mwambie nimeacha mfuko mmoja chumbani kwa Lutengano. Utatosha mpaka taya lipone."

Mama akafikisha neno hilo, ingawa kila mtu stendi alikuwa amelisikia.

"Mwambie sikuuliza habari za mfuko mmoja," mzee akasema. "Nauliza ya siku zote."

Verediana alibana mti wa mninga kifuani. Machozi yalidondoka moja kwa moja kwenye umande, na hakujaribu kuyazuia, kwa kuwa aliyekuwa akimtazama ni nyasi tu.

"Na huyo kaka yake," mzee akaendelea, "amwambie baba yake kwamba kahawa ikishachumwa tutafika Igowole. Mambo ya kanisa nitazungumza naye mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima. Na mwambie yule mtu..." Akalivuta blanketi zaidi. "Mwambie asinilishe tena. Hata meno yote yakiisha."

"Nimesikia, mama," Verediana alisema, akilia na kucheka.

Basi likapiga honi. Alipanda ameinama, khanga kichwani, Lutengano akimwongoza kwa sauti tu: kushoto, ngazi, ngazi nyingine. Mlangoni aliinua macho kidogo akamwona yeye peke yake, na mtazamo ule ulimtosha kufika nao Iringa.

Basi liliondoka. Verediana alikaa ameinama, mti uko mapajani, mpaka alipohisi wameikamata barabara kubwa.

"Inua kichwa sasa," Silvester akasema. "Tumekwisha kumpita." Alikuwa amegeuka anatazama nyuma kupitia kioo cha vumbi.

"Ameshaondoka?"

Silvester alipojibu, ukali ulikuwa umemtoka.

"Bado amesimama pale pale, blanketi kichwani. Nadhani hawajamwambia kwamba umekwisha kwenda."